Swali la Tumbaku

Jumapili iliyopita, hapa Tabora mjini, nilimsindikiza binti yangu kwenye kongamano la vijana wa kanisa. Mgeni rasmi alikuwa kiongozi mwenye suti nzuri, aliyekuja kujibu maswali ya vijana kuhusu imani na maisha ya siku hizi. Maswali yalitumwa kwa simu. Dada mmoja wa kamati aliyasoma kwanza kimyakimya, akafuta aliyoyafuta, yaliyobaki akampa mgeni. La binti yangu halikusomwa. Tulipotoka nikamuuliza aliuliza nini.

"Basi tu, mama," akasema. "Hata sikutegemea kama wangelisoma."

Ana miaka kumi na minne na tayari hategemei. Ilinichoma, rafiki yangu, kwa sababu mimi katika umri wake nilitegemea. Niliuliza na nikajibiwa. Na namjua aliyeumia kwa ajili ya jibu lile.

Nililelewa na babu na bibi, kijijini upande wa Goweko, miaka ile tumbaku ilipokuwa imeshamiri. Alfajiri tulichuma majani yakiwa bado na umande, mchana tukayafunga kwenye fito na kuyaning'iniza ndani ya bani, ile nyumba ndefu ya udongo ya kukaushia kwa moto wa kuni. Utomvu wake uliganda vidoleni, mweusi, sabuni haikuutoa. Bibi alituchemshia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akatutilia karanga zilizotwangwa, na bado kila tonge lilikuwa na uchungu wa mikono yetu wenyewe. Treni ya kwenda Dar ikipiga honi tulijua muda wa shule umeshapita. Msimu wa tumbaku, shule ilisubiri.

Jumapili tu ndiyo ilikuwa yetu, na ilikuwa yetu kwa sababu ya mchungaji. Alikuwa mwembamba, mwenye baiskeli iliyolia kila mahali isipokuwa kengele. Alitoka kusini, na Kinyamwezi chake kilitufanya tuzibe midomo tusicheke. Baada ya ibada, watu wazima wakishaondoka, aliweka kopo la maziwa ya unga juu ya benchi, nasi vijana tukatumbukiza vikaratasi bila majina. Alivisoma vyote, kwa sauti, hata vya utundu. Kupaka rangi kucha ni dhambi? Nikimpenda mvulana asiyesali, Mungu atanichukia? Kwa nini mvua inanyesha hata shambani kwa mlevi? Mmoja aliuliza kama ni vibaya kwenda kwenye banda la video. Mchungaji akasema hawezi kuhukumu asichokiona, na katikati ya wiki tukamkuta bandani, amebanana nasi kwenye kibao, anatazama mapigano. Jumapili akajibu: "Wamekufa watu wengi sana mle, na sikuona hata mmoja akizikwa. Nendeni mkitaka, lakini msizoee kifo kisicho na matanga."

Mwaka ule mdogo wangu wa kike, akiwa na miaka minane, alilewa sumu ya majani mabichi ya tumbaku. Alitapika siku mbili mfululizo, macho yakageuka. Bibi alimkanda na kumnywesha uji, na siku ya tatu akarudi shambani. Mwezi huohuo jirani yetu, mzee mmoja mpole aliyeishi peke yake, alikutwa akivuta msokoto wa tumbaku nyuma ya nyumba yake. Wazee wa kanisa wakamtenga na meza ya Bwana, hata kuingia kanisani asiingie. Na Jumapili iliyofuata, siku ya shukrani ya mavuno, babu yangu aliingia kanisani na mzigo wa tumbaku kichwani, akauweka mbele ya madhabahu, ukaombewa. Yule jirani alisikiliza nyimbo akiwa amesimama nje, kofia mkononi.

Nikachana karatasi kwenye daftari langu la hesabu, nikaandika: "Kama anayevuta ametengwa, kwa nini anayelima anabarikiwa?"

Mchungaji alikisoma kikaratasi kile kwa sauti, akakiacha juu ya benchi. Kisha akasema, "Jibu ninalo, ila linanihukumu na mimi. Shati hili nimelivaa kwa tumbaku. Bati lililo juu yetu ni tumbaku. Kama yule mzee anastahili kukaa nje, basi twendeni wote tukakae naye. Au yeye aingie ndani."

Hatukucheka siku ile. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kimesikia.

Babu alikuwa mzee kiongozi wa kanisa na mwenye mabani mawili. Kesho yake alinikuta jikoni na bibi. Mkononi alikuwa na kikaratasi chenye mirabamraba ya daftari la hesabu, na daftari la namna ile kijijini aliyekuwa nalo ni mimi tu, shangazi alinitumia kutoka mjini.

"Baba wa babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka hapa Unyanyembe hadi pwani," akasema taratibu. "Hakuuliza zinakwenda kufanyiwa nini. Mpagazi haulizi kilichomo mzigoni. Wewe nani amekufundisha kuuliza?"

Bibi aliinamia chungu. Nami nikasema, "Mchungaji ndiye aliyenituma niandike."

Ulikuwa uongo, na ulinitoka kirahisi.

Wazee wakakaa kikao. Niliitwa nikasimama mbele yao, nikarudia maneno yale yale. Wakamuuliza mchungaji kama ni kweli anatumia watoto kuwasema wazazi wao. Alinitazama. Ningeweza kubadilisha kauli hata wakati ule, nafasi ilikuwepo, alinipa. Nikatazama miguu yangu. Akasema, "Kama mtoto amesema hivyo, sina la kuongeza."

Kabla ya mvua za kwanza alihamishwa. Sikwenda kumuaga. Usiku wa kikao babu aliniwekea paja la kuku, kipande ambacho sisi watoto hatukuwahi kupewa, na nikala lote. Bibi alilichukua lile kopo akahifadhia chumvi.

Nilipokuwa mtu mzima, na babu ameshafariki, nilisikia kwamba mchungaji alihamishiwa Ipole, akamalizia maisha yake huko akifuga nyuki. Nikaenda. Nilimkuta mjane wake, mama mchungaji, anakamua asali kwenye beseni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Nikamweleza yote bila kujitetea.

Hakushangaa. "Alijua ni uoga wa mtoto," akasema. "Alisema, yule binti anakula kwa babu yake, angefanya nini? Hakukuwekea kinyongo."

Nikaanza kulia kwa nafuu. Mama mchungaji alinisubiri nimalize.

"Lakini na mimi nikuambie ukweli," akasema. "Hakuwahi tena kuwauliza vijana wana maswali gani. Huku wakimfuata aliwaambia, nendeni mkaombe. Miaka yote ile. Mimi niliolewa na mtu wa kucheka na watoto, nikazeeka na mwingine."

Sasa kijijini mabani mengi yameanguka, na msitu wa miyombo tuliouchoma kukaushia majani umebaki visiki. Yule jirani alikufa akiwa bado ametengwa, akazikwa bila wimbo. Kanisa limepanuliwa, lina spika kubwa na kwaya yenye sare. Vijana wanajaa, wanapiga makofi, na hakuna anayeuliza kitu. Watu husema ni simu zimewaharibu. Vijana wa Ipole hawakuwa na simu, na hawakujibiwa. Walikuwa na mchungaji ambaye mimi nilishamnyamazisha kabla hajafika kwao.