Usifungie Moto na Mvuke Chumba Kimoja

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya Julai, baridi ile inayoingia mpaka kwa mifupa. Nilikuwa msichana bado, nauza mitumba hapa Kariobangi, na mama yangu alikuwa amekuja kutoka Bungoma akiugua kifua. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja, na juu ya mlango palikuwa na tundu la hewa. Nasema palikuwa, kwa sababu Zakayo, mwenye ploti, alikuwa ameliziba kwa simiti. Wapangaji tulilia baridi, yeye akaona kuziba ndiyo rahisi. Zakayo. Mimi jina hilo silisahau.

Kwetu mtu akibanwa kifua hufukizwa. Nikanunua majani ya mkaratusi, nikateleka sufuria kubwa juu ya meko ya gesi, nikamketisha mama karibu na moto, nikamfunika blanketi. Ili mvuke usitoroke nikafunga dirisha, nikasokota leso nikaziba chini ya mlango. Jirani yangu Mama Oti akanichekea kutoka koridoni, "We Nekesa, unafukiza mama ama unachemsha githeri? Ploti yote inanuka dawa!"

Nikacheka pia. Mvuke ukajaa mpaka kuta zikatoa jasho. Hapo mama akafunua blanketi, akatazama meko. Moto uliokuwa wa buluu ulikuwa umegeuka manjano, mrefu, unayumbayumba, na sufuria imeshika masizi.

"Huu moto ni mgonjwa," akasema. "Unawaka kama kuni mbichi. Fungua dirisha."

"Mama, hapa si kijijini. Gesi haina moshi."

"Moto ni moto. Fungua, mwanangu."

Sikufungua. Rangi hiyo nilikuwa nimeshaiona nikichemsha nguo, nikamuuliza Rasto, aliyeniuzia gesi. Akanijibu, "Ni kawaida hiyo, siste, itazoea nyumba." La Rasto nililiamini. La mama nililiona ushamba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi guu langu ni hili hapa, zima. Aliyevunjika ni mwingine.

Kichwa kikaanza kuniuma, nikadhani ni ukali wa majani. Mama akasema amechoka, anasikia usingizi. Nikamfunika tena, nikatoka kuchota maji, nikavuta mlango nyuma yangu. Pale kwa mfereji kizunguzungu kikanishika. Mama Oti akanidaka, na neno lililonitoka ni moja tu: mama.

Majirani walipofungua mlango, mama alikuwa ameinamia magoti yake kama anayesali, midomo myekundu kama ya mtu mwenye afya. Hakuamka.

Mimi niliishia darasa la nne. Ni fundi wa meko aliyenieleza baadaye. Mvuke ukijaa chumba kilichofungwa unakalia nafasi ya hewa, moto unakula ile iliyobaki, tena mvuke unaupoza. Moto wa hivyo haumalizi gesi, unaiunguza nusunusu, na hapo inatoka sumu isiyo na harufu. Dirisha likifungwa, sumu hiyo haina pa kwenda ila kifuani mwako.

Zakayo alileta mchele matangani. Tundu hakulizibua. Rasto anauza mpaka leo. Watu waliniliwaza ati siku yake ilikuwa imefika. Uongo. Haikufika, tuliivuta sisi watatu, na mkono wangu ndio uliovuta zaidi.

Basi nisikie, mwanangu. Ukichemsha maji, ya kuoga, ya nguo, ya kufukiza mgonjwa, acha dirisha wazi hata kama baridi inauma. Maji yakishachemka, epua, zima moto, mfukize mgonjwa mbali na meko. Ukiona moto umegeuka manjano, usimuulize anayekuuzia. Zima, toka nje, mtoe na mwenzako. Ukiumwa kichwa ukipika, usijilaze. Na mzazi akikwambia kitu hakiko sawa, usimpime kwa alikotoka.

Mungu akujalie nyumba yenye hewa, na akuachie mama yako mpaka umchoke kwa hadithi zake.