Limechelewa, Halijapotea

Wazo la kitambaa lilikuwa langu. Nalisema mapema nisije nikajificha nyuma ya shirika la ndege, maana kwa karibu wiki tatu nililitukana shirika hilo kwa ufasaha ambao sikuwahi kuutumia darasani, na Kiswahili nilikifundisha hapa Bagamoyo mpaka nikastaafu.

Tulikuwa wanawake kumi na wawili wa msikiti mmoja, tunakwenda Umra. Sisi watu wa pwani hatujui kwenda mahali kwa wingi bila sare. Harusi ina sare, maulidi yana sare, na mgonjwa wa hospitali tungemshonea sare ya kwenda kumwangalia kama angetupa taarifa siku mbili kabla. Basi mabegi nayo tukayanunua duka moja, yote meusi, yote ya magurudumu manne, kila moja na kikufuli chake kidogo ambacho ufunguo wake, tulikuja kugundua, ulifungua vyote kumi na viwili. Hapo nikasimama mimi, mwalimu, nikawaambia wenzangu kwamba mabegi meusi yamejaa dunia nzima, lazima tuyatie alama. Nikatoa kanga nyekundu mpya, nikaichana vipande kumi na viwili, nikafunga kimoja kwenye kila mpini. Wakanipigia vigelegele. Hakuna aliyeuliza alama hiyo itamtofautisha nani na nani, na mimi sikujiuliza.

Ndani ya begi langu kulikuwa na sanda ya mama mkubwa. Mama mkubwa ni dada yake mama yangu, ndiye aliyenilea, na nyumba ninayokaa ni yake. Bafta ya sanda hiyo aliinunua mwenyewe miaka mingi iliyopita, akaikata vipande vitano kama inavyotakiwa kwa mwanamke, akaiweka sandukuni pamoja na kafuri na udi. Kila Shaaban aliitoa, akaikunjua, akaikunja upya. Aliposikia nakwenda Makka akaniletea mikononi.

"Itie maji ya zamzam, uianike huko huko, uniletee. Sitaki kitu kingine. Tende zao ninazila hapa hapa."

Moyo wake ulikuwa umechoka tayari, daktari alikwishatuambia. Nikaifua sanda ile kwa zamzam, nikaianika kwenye chumba cha hoteli, ikakauka, nikaikunja kwa mikunjo yake yeye. Nikaiweka juu kabisa ya nguo zangu.

Siku ya kurudi, uwanja wa ndege wa Dar ulikuwa na vurugu ya furaha. Nje ndugu zetu wanapiga dufu, ndani wenzangu wanalia, wanakumbatiana, kila mmoja ananyakua begi jeusi lenye kitambaa chekundu na kukimbilia mlangoni. Mimi nilikuwa msalani. Niliporudi mkanda ulikuwa unazunguka mtupu.

Kwenye kaunta ya mizigo nilimkuta dada mmoja mwenye kucha ndefu na upole wa kusomea. Nikamwambia begi langu limepotea.

"Halijapotea, mama. Limechelewa."

"Limechelewa wapi?"

"Hatujajua. Tukijua lilipo, tutasema limeelekezwa vibaya. Zikipita siku ishirini na moja hatujalipata, ndipo tutasema limepotea."

Nilipenda mpangilio huo, siwezi kukataa. Nimewahi kusahihisha insha zisizokuwa na nusu ya nidhamu hiyo. Akanisogezea kadi yenye picha za mabegi, kila picha na namba yake, nioneshe langu. Lilikuwa aina ya ishirini na mbili. Rangi nyeusi. Alama nyingine? Nikajivuna: kitambaa cha kanga, chekundu, kwenye mpini. Akaandika kwa furaha, akaniambia hiyo itasaidia sana.

Kisha akaniuliza vilivyomo. Nikataja nguo, viatu, mswaki, halafu sanda.

"Pole sana, mama. Nani amefariki?"

"Hakuna. Mwenyewe yuko nyumbani, pengine sasa hivi anakula chapati."

Akatazama kompyuta yake kwa muda. Orodha ya vitu ilikuwa na vyombo vya muziki na vifaa vya kuteleza kwenye theluji, lakini sanda haikuwamo. Akaniuliza kama aandike shuka au nguo ya kulalia. Tukabishana. Mwisho akaandika kitambaa cheupe, hakijashonwa, akanipa namba ya faili, akanitakia siku njema.

Mama mkubwa alinipokea kitandani. Nikamweleza yote, aina ya ishirini na mbili pamoja na nguo ya kulalia. Akacheka mpaka nikamshika mgongo. Nikampigia simu kila mwenzangu niliyesafiri naye, wote kumi na mmoja, kuuliza kama hakuna aliyekosea begi. Kila mmoja alijibu lake analo, na ushahidi wa kila mmoja ulikuwa ule ule. Jirani yangu wa nyumba ya tatu, ambaye tulikwenda naye, aliniambia hivi:

"Langu liko chini ya kitanda, Mwalimu. Hapa nilipo nakiona kitambaa chako."

Alikuwa hajalifungua na hangelifungua. Ana binti ameolewa Pangani na ana mkwe hapa Bagamoyo, na hao wawili, zawadi zikitoka mmoja hayupo, mtaa mzima utasikia. Binti alisema atakuja wakimaliza kuangua nazi. Nikamwona jirani yangu mwenye busara.

Nikawa napiga simu kaunta kila asubuhi, naweka sauti kubwa ili mama mkubwa naye asikie. Siku ya tatu yule dada akasema jambo lililonipandisha shetani.

"Mama, mfumo unaonesha begi lako lilishuka Dar pamoja na wewe."

Nikamwambia mfumo wake haujui kuhesabu. Nikamwambia mwanafunzi wangu wa darasa la pili angejua tofauti ya kilichopo na kisichopo. Nikamwambia mengine ambayo mtu aliyetoka Umra siku tatu zilizopita hapaswi kuyatamka. Aliponijibu kwamba watatafuta pia kwa maelezo, yaani rangi, aina na kile kitambaa, katika mizigo iliyokatika lebo kwenye viwanja vingine, nikaona sasa ndiyo anafanya kazi.

Mama mkubwa akayachukua maneno hayo yote. Kuumwa kulikuwa kumemchosha kuliko kulivyomuumiza, na hapa alipata kazi ya kufanya. Mume wake wa pili aliaga siku moja anakwenda Msata kuuza nazi, akaonekana akipanda basi la kuelekea Segera, basi.

"Yule nimwandike amechelewa au amepotea?"

"Miaka thelathini sasa, mama."

"Siku ishirini na moja zimepita?"

"Zimepita."

"Basi amepotea. Nifungie faili."

Wageni walipokuja kumwangalia na kuuliza hali, aliwaambia yeye lebo imekatika lakini bado yuko ghalani. Waliondoka wakidhani homa imempanda kichwani. Jirani wa nyumba ya tatu alikuja karibu kila siku na uji, akakaa naye, akaniuliza habari za begi, akawalaani watu wa ndege kwa niaba yangu. Nikijibu kwamba bado, alitikisa kichwa kwa huruma na kurudi kwake.

Siku ya kumi na tano mama mkubwa hakufanya mzaha. Aliniita nikae karibu.

"Niambie kweli. Limechelewa au limepotea?"

"Limechelewa, mama."

"Zimebaki siku ngapi?"

"Sita."

"Nyingi," akasema, akageukia ukutani.

Alifariki kesho yake, baada ya sala ya alfajiri. Tukatuma mtu dukani kununua bafta. Jirani yangu wa nyumba ya tatu ndiye muoshaji wa wanawake mtaani kwetu. Aliosha, akakata vipande vitano kwa mkasi wangu wa jikoni, akavisha. Bafta ilikuwa nzuri tu, haikuwa na kasoro, na Mungu haangalii bafta, hilo nalijua na nimewafundisha wengine. Lakini alipokuwa anafunga, jirani yangu alisema, "Maskini, yake imebaki ugenini," na mimi nikalia kwa hasira kuliko nilivyolia kwa msiba. Niliwalilia watu wa ndege, nikayalilia na mabegi yao yenye namba.

Tukazika siku ile ile. Watu wakaja kutoka Miono, wakaja kutoka Mkange, na kesho yake akaja binti wa Pangani. Nazi alikuwa hajamaliza kuangua, ila msiba wa jirani kama mama mkubwa haungojwi. Akakaa nasi kwenye mikeka mpaka siku ya tatu baada ya maziko, tulipomaliza hitma. Kisha akaenda kwao, nyumba ya tatu, na kwa kuwa sasa yeye yupo na mkwe yupo, mama yao akalivuta begi uvunguni, akachomeka ufunguo wake, kikufuli kikafunguka.

Nilikuwa uani naosha masufuria ya hitma. Nikamwona jirani yangu anaingia na begi jeusi kichwani, begi lenye magurudumu manne, amelibeba kichwani. Hakutoa salamu. Alilitua mbele yangu, akapiga magoti kwenye maji machafu, akaanza kujipiga kifua. Nikalifungua. Sanda ilikuwa juu, na mikunjo yake haikuwa imeguswa.

"Nimemvisha ya dukani kwa mikono yangu hii, Mwalimu! Yake nailalia kila usiku!"

Ningeweza kumwacha aendelee. Kwa dakika moja nilitaka aendelee, na si jambo la kujisifia. Kisha nikamwinua, nikamwambia kitambaa nilikifunga mimi. Tukakaa wawili kwenye kinu kilicholazwa, tukalia, na masufuria yakakauka bila kuoshwa.

Siku ya ishirini na moja yule dada wa kaunta akapiga simu mwenyewe, sauti yake imejaa furaha.

"Hongera, mama! Begi lako limepatikana. Lilikatika lebo, likabaki kwenye uwanja wa njiani. Jeusi, aina ya ishirini na mbili, kitambaa chekundu kwenye mpini."

"Hilo la jirani yangu. Mleteeni, wanawe wanangoja zawadi."

"Lakini maelezo yote yanafanana, mama."

"Yanafanana kwenye mabegi kumi na mawili. Langu lilishuka Dar pamoja na mimi. Mfumo wako ulisema kweli, na mimi nilikutukana. Nisamehe."

 Nadhani katika kazi yake haombwi radhi mara nyingi, kwa sababu ilimchukua muda kurudi kwenye utaratibu.

"Sasa faili lako nilifunge kwa sababu gani? Hapa nina limeharibika, limeelekezwa vibaya, limepotea, limechelewa."

Nilifikiri kwa makini, kama mtu anayesahihisha mtihani. Halikuharibika. Halikuelekezwa vibaya, lilifika mtaa wenyewe, likapungukiwa milango mitatu. Halikupotea hata siku moja.

"Andika limechelewa," nikamwambia.

"Kwa siku ngapi, mama?"

"Tatu."