Alinichukulia Ng'ombe Wangu

Mwezi uliopita nilirudi Tabora kumzika dada yangu. Siku ya pili ya matanga mjukuu wake mmoja alinifuata na daftari mkononi, nilipokuwa nimeketi mkekani.

"Bibi, si ulikuwa mwalimu wa Kiingereza? Nisaidie. 'Vague' na 'ambiguous' yana tofauti gani? Kamusi yangu inasema yote ni kitu kisicho wazi."

Nilimweleza, akaandika, akashukuru, akaenda zake. Akina mama waliendelea na mazungumzo yao, lakini mimi sikuwasikia tena. Tofauti ya maneno hayo mawili niliijua nikiwa na miaka kumi na mbili, na nyumbani kwetu haikuwa jambo la shule. Kaa kidogo nikusimulie.

Enzi za Mwingereza tuliishi hapo Tabora, mtaa wa Chemchem, nyumba ya udongo iliyoezekwa bati, na bati lile lilikuwa fahari yetu. Nyuma ya nyumba ilipita njia ya zamani ya misafara, pana, imeota nyasi katikati. Bibi yangu alikuwa akituambia kwamba baba yake aliipita njia hiyo na pembe ya ndovu begani mpaka pwani, na sisi watoto tuliichezea bila kufikiri. Mama alianika michembe, vipande vya viazi vitamu, juu ya bati, nasi tulikuwa tukiiiba na kuitafuna ikiwa bado nusu mbichi, tamu, inanata menoni. Treni ya Kigoma ikipiga honi, mama alijua ni saa ya kuteka maji.

Baba alikuwa karani mkalimani wa mahakama. Kazi yangu kila jioni ilikuwa kupiga pasi kaptura yake ya kaki. Naikumbuka harufu ya wanga na moshi wa mkaa, na hofu ya cheche kuruka ikatoboa nguo. Baba alikuwa na kijitabu cha maneno ya Kiingereza, akilisikia jipya analiandika. Mjini watu walisema hakuna anayefasiri kwa haki kama yeye. Haongezi wala hapunguzi, hata shahidi akitukana.

Jirani yetu alikuwa muuza asali. Hakuwa ndugu wa damu, lakini alimwita baba kaka, nasi tulimwita baba mdogo. Aliifuata asali Kigwa kwa baiskeli, na hakurudi bila kutuletea uyoga au kipande cha sega. Mwaka niliougua homa wakati wa masika, baiskeli ilizama kwenye matope, akaitupa pale pale, akanibeba mgongoni mpaka hospitali. Nakumbuka shati lake lililolowa, linanuka nta, na sauti yake ikisema, "Usilale, mwanangu. Niambie leo mmesoma nini."

Kule Kigwa kulikuwa na mama mmoja mzee, mjane, aliyekuwa akimuuzia asali miaka mingi. Mama huyo alikuwa na ng'ombe mmoja tu. Mwaka wa ukame mkali malisho yakaisha, akamwomba baba mdogo ampeleke ng'ombe huyo Ziba, kwenye nyasi, kwa wafugaji aliowafahamu. Baba mdogo akamswaga. Njiani kuna pori la mbung'o, ng'ombe akaugua, akafia humo humo, fisi wakamla. Hapo ndipo baba mdogo alipokosea. Aliona aibu kumwambia yule mama. Kila alipokwenda Kigwa na kuulizwa, alijibu, "Hajambo, mama, ananenepa."

Kisha mtoto wa yule mama akarudi kutoka kwenye mashamba ya mkonge. Akauliza ng'ombe yuko wapi, akaambiwa Ziba. Akaenda Ziba, hakumkuta, wala hakuna aliyewahi kumwona. Akaenda moja kwa moja polisi, akamshtaki baba mdogo kwa wizi.

Shule zilikuwa zimefungwa siku ya kesi. Nilimpelekea baba chakula, nikabaki dirishani pamoja na watu wengine waliojaa nje. Bwana shauri aliyesikiliza kesi alikuwa mgeni kutoka Ulaya, kijana, Kiswahili chake hakijavuka salamu. Baba mdogo alisema ukweli wote, lakini kwa kuwa alikwisha kumdanganya yule mama miezi mingi, ukweli wake ulisikika kama uongo mwingine. Akabaki shahidi mmoja tu wa kumwokoa, mwenye ng'ombe mwenyewe.

Yule mama akaingia akiegemea fimbo, amejitanda kaniki. Akamsalimu kila mtu, mpaka askari. Baba akampa shikamoo kwa sauti ya chini, akaitikiwa marahaba. Bwana shauri akauliza, baba akafasiri:

"Mama, mtu huyu alifanya nini na ng'ombe wako?"

"Alinichukulia ng'ombe wangu," akasema, akimnyooshea baba mdogo kidole.

Wewe na mimi tumekulia katika lugha hii, tunajua. Nichukulie mzigo huu, unamwambia mtu anayekusaidia. Kanichukulia mume wangu, unalia kwa aliyekudhulumu. Neno ni hilo hilo.

Baba alisita. Nilimwona akiipindapinda kofia mkononi. Hakutaka kuchagua yeye maana, kwa sababu kuchagua ni kuongeza. Akaona haki ni kumwambia bwana shauri kwamba maneno ya mama hayajawa wazi, aulizwe tena. Akasema sentensi fupi ya Kiingereza, ambayo mimi sikuielewa siku ile. Bwana shauri akaweka kalamu chini, akatikisa kichwa, akaashiria mlango.

"Mbona sijamaliza?" yule mama akamuuliza baba. "Mwanangu, mwambie sijamaliza."

Baba akaanza kusema kitu. Bwana shauri akamkatisha, akaita faili lingine. Askari akamshika mama mkono polepole, akamtoa nje. Baba mdogo akafungwa miezi tisa na kazi ngumu.

Nyumbani baba hakulizungumza jambo hilo. Mkewe baba mdogo alikuja akalia sebuleni kwetu, na baba akamwambia, "Nilifasiri kama ilivyosemwa, shemeji." Naye alikuwa anaamini hivyo.

Shule zikafunguliwa. Siku moja mwalimu wetu wa Kiingereza akaandika ubaoni maneno mawili. Akasema mtu akikuambia nitakuja siku moja, hujui ni lini, kwa sababu hakukupa cha kutosha. Kauli hiyo ni 'vague', imefifia, na hata ukiikamua haitoi kitu. Lakini mtu akisema nimemwona mwalimu wa shule mpya, hapo kuna maana mbili kamili, kila moja imesimama. Mpya ni mwalimu au ni shule? Hiyo ni 'ambiguous', na ukiuliza swali moja tu inafunguka. Darasa zima tulicheka. Nilikimbia nyumbani nikiyarudiarudia ili nisiyasahau, maana baba alipenda maneno mapya.

Tulikuwa tunakula ugali wa mtama na mlenda. Nikayasema yote mawili kwa mbwembwe, pamoja na mifano. Baba akaacha tonge hewani.

"Rudia hilo la kwanza."

Nikarudia.

"Haitoi kitu?"

"Mwalimu amesema hivyo, baba. Na hilo la pili unauliza swali moja tu."

Aliliweka tonge pembeni ya sahani, akanawa. "Umesoma vizuri, mama," akaniambia, akatoka nje. Mama alinitazama kana kwamba nimevunja chungu. Baadaye ndipo nilipoambiwa sentensi aliyoisema mahakamani, kwamba maneno ya shahidi yalikuwa 'vague'. Katika kijitabu chake yale maneno mawili yaliandikwa mstari mmoja, na maana yao moja: si wazi.

Asubuhi alikwenda kwa bwana shauri akamweleza kosa lake. Akajibiwa kwamba kesi imekwisha, na kama ana la kusema aliandike. Akaandika kurasa tatu, akazinakili mara mbili kwa mwandiko wake mzuri. Alikwenda Kigwa pia, kuchukua maelezo ya yule mama, akakuta ni matanga yake. Barua ikapelekwa mbele, na majibu hayakuja mpaka kifungo kikaisha.

Baba mdogo alirudi amekonda, anakohoa. Baba akanichukua twende kumpa pole. Tulimkuta amekaa kizingitini, mkewe amekwisha kurudi kwao. Baba alimweleza yote, neno kwa neno, amesimama kama yuko mahakamani. Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile mama aliposema," akauliza, "wewe ulielewa?"

"Nilielewa kwamba ina maana mbili."

"Mbili." Akakohoa. "Na mimi unanijua miaka mingapi, karani?"

Hakuwahi kumwita karani kabla ya siku ile.

"Ungechagua moja," akasema baba mdogo. "Ungechagua tu moja."

Kisha akaniona nyuma ya baba, akanyoosha mkono akanigusa kichwani, akaingia ndani. Wiki ile ile alihama, hatukuambiwa wapi. Baba aliendelea na kazi kwa muda, lakini akawa anawauliza mashahidi maswali yake mwenyewe kabla ya kufasiri, mpaka akahamishiwa stoo ya mafaili. Huko ndiko alikostaafia. Kile kijitabu sikukiona tena, na neno jipya la Kiingereza sikuthubutu kulitaja tena mbele yake, hata nilipokuwa nalifundisha.

Asubuhi baada ya matanga nilikwenda kwa miguu mpaka tulipokaa. Nyumba yetu imevunjwa. Njia ya misafara imejengwa pande zote, na hakuna aliyejua ilipita hapo. Mahali pa nyumba ya baba mdogo pana duka la vifaa vya ujenzi. Nilisimama mbele yake muda mrefu mpaka mwenye duka akatoka, mama wa makamo, akaniamkia.

"Shikamoo, bibi. Unamtafuta nani?"

"Marahaba. Kuna mtu alikuwa akikaa hapa zamani, alikuwa muuza asali."

"Nani jina lake? Mzee wangu anawajua wakazi wa zamani, nitamwuliza."

Nikafungua mdomo. Siku zote nilimwita baba mdogo, baba alimwita ndugu yangu, na jina lake lilitajwa mahakamani kwa Kiingereza, kwa haraka, na mimi nilikuwa nje ya dirisha.

"Usijali," nikamwambia. "Silijui."