Siku Emsii wa Lurambi Alipokosa la Kusema

Hapa Lurambi hakuna harambee inayoanza bila Patroba. Iwe ni paa la kanisa, karo au gharama ya hospitali, yeye ndiye emsii, mshika maikrofoni, na hana huruma. Akikuona unanyemelea mlango atapaza sauti, "Choo itangoja, kaa chini!" Jogoo mmoja humnadi, akamrudisha mezani, akamnadi tena hadi jogoo mwenyewe anachoka. Ukidai huna kitu, atakusimamisha mbele ya watu na kutangaza, "Kutoa ni moyo!" Umati utajibu, "Usambe ni utajiri!" nawe utasimama hapo hadi mfuko ufunguke. Mimi jirani yake nimewahi kusimamishwa, na sijamsamehe.

Basi kamati ya kanisa ilipotutuma sisi wawili kwenye kongamano la wachangishaji, katika hoteli moja mjini Kakamega, Patroba alienda kama mwalimu, si mwanafunzi. Tena alikuwa na furaha nyingine. Mwanawe Osiako angeoa Desemba, na nyumba yake ingejengwa Buyangu, kwenye ekari ya Nekoye, senje wa Patroba, yaani shangazi yake, dada wa marehemu baba yake. Senje hana mtoto. Nani mwingine angerithi? Patroba alikuwa ameshamwaga mchanga lori mbili pale, na wakwe walikuwa wameonyeshwa hadi mahali jiko litakapokaa. Senje alipouona mchanga alinyamaza, naye Patroba akauchukua ukimya ule kuwa baraka.

Mkufunzi wetu, Winrose, alikuwa msichana wa sauti ya upole. Mlangoni tuliandikisha majina na namba za simu. Kisha akatuonyesha ukutani programu ya kompyuta inayotunza habari za wafadhili: nani ametoa, lini, na nani amepotea. Mama mmoja, Gentrix, akatoa shilingi hamsini kwa mfano, Winrose akaziandika humo. Hata hajafunga pochi, simu yake ikalia, ujumbe umeingia: asante kwa mchango wako. Patroba aliruka kitini.

"Kwani mashine ndiyo inasemanga asante siku hizi?"

Alishtuka zaidi Winrose aliposema kuwa wapo wanaotoa kwa wasia, ili wakifariki mali yao iwe ya shirika. Patroba akainuka.

"Dada, mimi nimefanya harambee ya matanga miaka mingi. Sijawahi ona marehemu akichanga!"

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Winrose naye alicheka.

"Tunaye mmoja wa hapa hapa Kakamega, na bado yuko hai," akasema. "Amekubali kuja kutueleza. Karibu, mama."

Mlango ulifunguka, akaingia senje Nekoye na kitambaa chake cha kanisa kichwani. Akapewa maikrofoni.

"Nimepikia wageni huko msitu wa Kakamega mpaka nikazeeka," alisema. "Ile ekari nilinunua na jasho yangu. Nimeandikisha kwa wakili, nikikufa ikuwe ya shirika inasomesha watoto wa wafanyakazi wa msitu. Na wajenge shule sasa, wasingoje nikufe. Hao watoto wanasomeanga kwa turubai."

Sikuamini masikio yangu. Nilimtazama Patroba. Alikuwa bado amesimama, mdomo wazi, ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Nilidhani siku ya kumwona amenyamaza ningechinja kuku, kumbe nilimwonea huruma.

"Senje," alisema mwishowe. "Hiyo ni shamba ya Osiako."

"Osiako aliniuliza lini?"

Senje akaendelea.

"Hata wewe hukuniuliza. Niliamka tu nikapata mchanga." Akamsogelea. "Patroba, unakumbuka harambee ya paa? Ulinisimamisha mbele ya watu mpaka nikafungua leso. Ulikuwa unasema aje?"

"Kutoa ni moyo," Patroba akasema, kwa sauti ambayo hata jogoo wake hangeisikia.

Ukumbi, bila kuambiwa, ukajibu kwa nguvu: "Usambe ni utajiri!"

"Sasa nimetoa. Na hakuna mtu amenisimamisha."

Nilidhani yameisha. Senje akamgeukia Winrose.

"Hao watoto hawana choo. Hiyo mchanga yake lori mbili, andika kwa mashine yako. Patroba ametoa."

Winrose alisita, akamtazama Patroba. Watu wote wakamtazama, mikono tayari kwa makofi. Yeye akatazama mlango. Sijui ni shetani gani aliyeniingia, nikapaza sauti, "Choo itangoja!"

Patroba akainamisha kichwa, akakubali. Makofi yalitikisa madirisha, Winrose akaandika. Kabla hajakaa, simu ikalia mfukoni mwa shati lake. Akaitoa, nami nikachungulia juu ya bega lake, nikasoma: Ndugu Patroba, asante kwa mchango wako wa mchanga. Mungu akubariki.

Aliusoma ujumbe ule, akausoma tena. Kisha akaninong'oneza, macho yamemtoka, "Sasa Osiako nitamwambia nini?"