Boti Iliyoacha Kutetemeka

Boti ile ilijengwa kwa mbao enzi za Wabelgiji, ili matajiri wapunge upepo ziwani siku za Jumapili. Ilipofika mikononi mwangu vita vilikuwa vimepamba moto, na mwenyewe alikuwa mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Asiatique aliyeinunua apate kukimbia. Mke na watoto alishawatanguliza Kigoma. Barabarani watu walikuwa wanachinjwa. Mlango uliobaki Bujumbura ulikuwa ziwa. Ila boti ilikuwa na ugonjwa: ukizidisha mwendo kidogo, nyuma yote inatetemeka mpaka meno yanagongana, na maji yanapenya pale chuma cha kuzungusha helisi, yale mapanga ya nyuma yanayosukuma boti, kinapotokea nje.

Mafundi wawili walishaishindwa. Mimi nilimwambia malipo yangu ni nafasi ya mama.

Mama alikuwa hatembei. Miguu ilivimba, ikagoma kabisa. Tulikaa mtaa wa Kamenge, na kila risasi zilipoanza, watu walikimbia na mimi nilimbeba mgongoni. Mzito, jamani! Na hukohuko mgongoni ananisema kwamba namrusharusha kama gunia la mihogo. Nilijua iko siku nitachoka, au nitachelewa. Kigoma alikuwa na dada yake. Mfanyabiashara akakubali: tengeneza, Alhamisi tunaondoka, wewe na mama yako.

Nikaipandisha nchi kavu kwanza. Panga moja la helisi lilikuwa limepinda. Nikalinyoosha kwa nyundo, polepole, nikilipima na mengine. Tukairudisha majini, bado inatetemeka. Nikaelewa. Wale wawili walikuwa wamelinganisha injini na kile chuma boti ikiwa juu ya magogo. Ujinga mtupu. Boti ya mbao ikiingia majini mbao zinavimba, umbo linabadilika, na ulichonyoosha nchi kavu kinapinda. Mzee aliyenifundisha kazi alitupiga makofi kwa kosa hilo.

Nikaiacha ielee siku mbili. Halafu nikalegeza boliti za zile sahani mbili zinazounganisha injini na chuma cha helisi, nikapitisha wembe katikati. Juu uliingia, chini ukakataa. Nikainua pua ya injini kwa vipande vya bati, kimoja kimoja, mpaka wembe ukabana sawasawa pande zote. Siku nzima nimelala kifudifudi kwenye mafuta machafu, nikimlaani kila fundi aliyewahi kuigusa.

Kwetu sisi mafundi kuna sheria: aliyetengeneza ndiye anayejaribu. Kama ni kifo, kianze na wewe. Basi Jumanne asubuhi nikamwachia mama uji wake, nikaenda ziwani, mwenye boti akishika usukani.

Tulipofika mbali na ufuko mfanyabiashara akafungua mwendo wote. Niliweka kikombe cha chai juu ya kifuniko cha injini. Chai ilitulia. Nilifurahi, wallahi, nikacheka peke yangu.

Ndipo tukasikia mizinga. Moshi ulikuwa unapanda upande wa kaskazini, kwetu Kamenge. Nikamwambia geuza, mama yuko peke yake. Akautazama ule moshi, akatazama mshale wa mafuta. Matangi yalikuwa yamejaa. Niliyajaza mwenyewe kwa ajili ya Alhamisi.

“Mi sirudi,” akasema. “Shuka ukitaka.”

Nilimkwida shati. Nilimtukana yeye na wazazi wake, Mungu anisamehe. Aliendelea kushika usukani, akitazama kusini. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na watu wake yeye walikuwa salama.

Nikashuka kwenye injini. Sasa hapa niseme ukweli ambao sijawahi kuusema. Nilikuwa na spana mkononi. Ningezima injini, nikalegeza boliti mbili tu, na tukiwasha boti ingetetemeka vilevile kama zamani. Mwoga kama yule asingethubutu kwenda nayo Kigoma. Angegeuza. Niliinama, nikaiweka spana kwenye boliti ya kwanza. Mzinga mwingine ukalia mjini, mkubwa kuliko yote. Nikairudisha spana kwenye kisanduku.

Niliogopa, basi. Miaka yote nimewaambia watu kwamba nilichukuliwa kwa nguvu, na wananionea huruma. Boti ilikwenda mpaka Kigoma bila kutikisika, na mimi nilikaa kando ya injini nikilia kama mtoto.

Nilipopata njia ya kurudi ilikuwa imepita miezi miwili. Nyumba haikuwa na paa, na mama alishazikwa na watu wengine. Jirani yetu mwashi, mtu wa miraba minne, nilimkuta amehamia kwa ndugu zake. Nikamfokea mbele ya watoto wake. Mwanamume mzima na mabega yote yale, ameshindwaje kumbeba kikongwe mmoja? Aliniacha nimalize.

“Nilimubeba,” akasema. “Tulifika hata kwenye barabara kubwa. Alinishika masikio, akalia, akasema nimurudishe. Akasema: ‘Mutoto wangu akirudi akinikosa, ataingia mu risasi kunitafuta, watamuua.’ Mi nikamurudisha.”

Nikamuuliza alimwacha wapi. Alisema mama mwenyewe aliomba akalishwe nje mlangoni, ili nikija nimwone haraka.