Wa Njiani

Mdogo wangu ana jina ambalo watu wakilisikia hutabasamu. Maana yake ni kwamba Mungu amejibu, na tangu tukiwa wadogo hakuna mchungaji aliyepita kanisani kwetu Magogoni asiyelitolea neno mbele ya watu. Langu ni la Kikamba. Maana yake ni mtoto aliyezaliwa njiani, basi. Wenzangu shuleni walipoijua maana hiyo waliniuliza kama niliokotwa. Nilirudi nyumbani nalia, nikamkuta mama anachambua nyanya za kupeleka Kongowea. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Si ulizaliwa njiani kweli? Ulitaka tuseme uongo?"

Nilimwonea wivu mdogo wangu kwa miaka mingi, na haukuwa wivu wa mali. Alipopata kazi ya ofisi Nyali, mimi nikiwa na cherehani yangu kwenye kibanda cha mabati, nilimpikia pilau ya kumpongeza na nilifurahi kwa dhati. Kilichoniuma ni lile jina. Akiitwa tu uwanjani pa kanisa, nilisikia kama anabarikiwa. Nikiitwa mimi, nilisikia kama naulizwa nilidondokea wapi.

Mwaka jana mchungaji wetu, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, alitangaza Jumapili ya ushuhuda wa majina. Kila mwenye kutaka angesimama aeleze jina lake linamwambia nini kuhusu Mungu. Mdogo wangu alikuwa wa kwanza. Alikuwa na mimba kubwa, amevaa gauni la kitenge nililomshonea mwenyewe, na akazungumza vizuri mno. Alisema wazazi wetu walimlilia Mungu miaka mingi wapate mtoto wa pili, ndipo akaja yeye. Kina mama wakapiga vigelegele. Mzee mmoja wa kanisa akafuta macho.

Mchungaji akanitazama. "Na wewe, dada?"

"Mimi naenda kuangalia chai," nikasema, nikatoka.

Jikoni nyuma ya kanisa nilikoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa. Nilikuwa nimeudhika, na kilichoniudhi zaidi ni ile mishono ya gauni: ilimkaa vizuri. Mama akanifuata, anajikongoja na fimbo yake.

"Umetoka kwa nini?"

"Ningesema nini, mama? Kwamba mlinipa jina la barabara? Yeye mlimwombea. Mimi mlinikuta tu."

Mama akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Baba yako akiwa hai nisingeweza kukuambia haya," akasema. "Nilikuwa namkimbia."

Nikaweka mwiko chini.

Alinieleza kwamba baba, aliyefanya kazi kiwandani Changamwe, alikuwa amebadilika baada ya kumleta pwani. Alirudi nyumbani akitaka, na akirudi hamsemeshi. Mama akiwa na mimba yangu alikusanya nguo zake, akaomba nafasi kwenye lori lililokuwa likirudi bara kuchukua vitunguu. Alikusudia kwenda kwa mama yake na asirudi tena. Uchungu ukamshika kabla hawajafika Mariakani. Dereva akasimamisha lori penye nyumba ya mwanamke wa Kiduruma aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma, na mwanamke huyo ndiye aliyenipokea, akanifunga kwa leso yake. Lori likaendelea na safari. Mama akalala hapo mpaka akapata nguvu.

"Nilipotaka kuondoka akaniuliza, mwanangu, utasimama upande gani wa barabara? Huku magari ya bara, kule ya Mombasa. Nilikutazama. Mimi nilikuwa siombi, kanisani nilikuwa naenda kwa ajili ya nguo mpya. Lakini hapo niliomba. Nikamwambia Mungu, kama uko, nivushe. Nikavuka."

"Na baba?"

"Alikuwa amenitafuta kote. Alipokuona alipiga magoti. Watu hawabadiliki kwa siku moja, lakini alianza siku ile. Mimi kumjua Yesu kulianzia pale barabarani. Jina lako nililitoa mimi mwenyewe, na sikuliona dogo hata siku moja. Nilidhani unajua."

Nilikuwa sijui. Nikakumbuka jambo ambalo nimelisoma mara nyingi katika Maandiko bila kulishughulikia: kwamba waumini wa kwanza, kabla hawajazoeleka kwa jina la Wakristo, waliitwa watu wa Njia. Na Bwana mwenyewe alijiita Njia. Mimi nimetembea na neno lake mdomoni mwa kila aniitaye, nami nikalionea haya.

Hapo tukasikia sauti mlangoni. Mdogo wangu alikuwa amesimama na sahani ya mahamri, na sijui alianza kusikiliza wapi.

"Na langu, mama? Mlilipataje?"

Mama akasita. "Baba yako alilisikia kazini. Mke wa msimamizi wake aliitwa hivyo. Akalipenda."

"Kwa hiyo hamkuniombea?"

"Tulishukuru sana ulipokuja, mwanangu."

Mdogo wangu akaweka sahani mezani, akanitazama kwa jicho ambalo nililitambua mara moja, maana lilikuwa langu. Ningependa kusema nilimhurumia. Nilimhurumia kidogo, na kwa sehemu kubwa nilifurahi.

Jumapili iliyofuata nilisimama nikatoa ushuhuda wangu, kwa ruhusa ya mama. Hakuna aliyepiga vigelegele. Walinyamaza, na ule ukimya nikaupenda kuliko vigelegele. Mdogo wangu aliimba wimbo wa mwisho bila kunitazama.

Mtoto wake alipozaliwa, wa kike, alinipigia simu kutoka hospitali. "Dada, nataka kumpa jina lako."

Nilipaswa kulia kwa furaha. Badala yake ule wivu wa zamani ulinirudia, sasa umegeuka upande. Mtoto aliyezaliwa kwa upasuaji kwenye kitanda safi, daktari kasimama pembeni, anataka jina langu la nini? Nikamwambia nitamjibu. Nikakaa na jambo hilo, nikaliombea, na maombi yenyewe yalikuwa ya kinyongo. Kila nilipoanza kumweleza Mungu kwamba jina hili ni langu, nilishindwa kumaliza sentensi. Njia haina mwenyewe.

Nilikwenda hospitali na shali niliyoidarizi. Mdogo wangu akanipa mtoto, akangoja. Nikainama nikamwita kwa jina, kwa sauti, mimi ambaye sikuwahi kumwita mtu yeyote hivyo. Akapiga chafya. Mdogo wangu akacheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu, nami nikamwambia atulie, asije akafumua nyuzi.