Mtu wa Kitabuni Tuliyemzika Sirisia

Aibu hii sijawahi kuisema mbele ya watu, na hata leo nikiikumbuka nikiwa peke yangu nafunika uso, lakini acheni niiseme nipumue.

Miaka hiyo ya baada ya vita nilikuwa Kitale kwa daktari mmoja Mzungu, kazi yangu kuosha chupa za dawa (nyumbani nilikuwa nimesema mimi ni dresa, yule msaidizi wa daktari anayefunga vidonda), na nilikuwa nampenda Nekesa wa Sirisia hadi chakula hakishuki. Siku ya kwenda kuonekana na wazee wake nikaona siwezi kufika hivi hivi kama mtu wa kawaida, nikachukua kitabu cha daktari bila ruhusa, kile cha picha za mwili wa binadamu, nikakifunga kwa shuka, si Jumatatu ningekirudisha?

Basi tumekaa, wazee wanne na mimi, chai bado iko jikoni, nikakifungua. Ukurasa wenyewe, mtu amesimama wima hana ngozi, misuli yote nje, nyekundu, macho amekukodolea. Baba yake Nekesa akaniuliza polepole, "Huyu alipasuliwa na nani?" Hapo ningesema ni picha tu, imechorwa na fundi huko Ulaya, yakaisha, lakini mdomo wangu, jamani, ukajibu, "Ni sisi na daktari, Mzee. Kisu nilishika mimi."

Akavua kofia. "Ni wa ukoo gani?"

Nikasema sijui.

"Na mlimzika wapi?"

Nikaanza kukana, ati nilidanganya, ati hakuna mtu hapo, ni rangi tu, lakini nani atamwamini mgeni aliyegeuza maneno mara mbili kabla ya chai? Baba mdogo wa Nekesa akasema, "Kijana, mutu wa wenyewe hawezi lala ndani ya kitabu." Wakaung'oa ule ukurasa taratibu (kwa heshima ambayo mimi sijawahi kuipata), wakachimba shimo kando ya migomba, wakaomba, nami nikapewa jembe nimfukie. Nililia kweli, na wao wakadhani namlilia marehemu, kumbe nalilia kazi yangu. Jumatatu daktari alikifungua kitabu mara moja tu, nikafukuzwa.

Lakini kufukuzwa nilikuzoea. Kinachoniua ni Nekesa, siku ile ile ya mazishi alinisindikiza hadi barabarani bila kuniangalia, nikamwambia nitarudi niongee na Baba vizuri, akasema, "Baba alikuwa ameshakubali tangu jana. Alikuwa anangoja tu unywe chai, akwambie ulete wazee wako."

Siku hizi nikiulizwa jambo nasema ukweli upesi, kabla mdomo haujapata nafasi, na nimeapa nitakufa hivyo. Nekesa aliolewa Bokoli.